Naomba ushauri: saa za kazi za mtafiti wa mbu

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Mimi ni mtafiti wa mbu wa malaria hapa Tanzania. Mara tatu kwa wiki tunanasa mbu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, kwa kuwa Anopheles, mbu wanaoeneza malaria, huuma usiku, kisha saa 3 natakiwa maabara kuwatambua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo kila siku. Nimejaribu kulala mchana na kubadilishana zamu, lakini uchambuzi wa takwimu, kazi ninayoipenda kuliko zote, umekwama kabisa.

Wenzangu wa zamu za usiku, mnatenga wakati gani wa kuandika? Je, ombi la kuahirisha kazi ya maabara hadi kesho yake nilipeleke kwa msimamizi kwa maandishi?