B-58, Tu-22, Mirage IV au Vigilante: ipi ilifaa vitani?

MtazamaAnga:
Wakuu, salaam. Nataka tulinganishe ndege za kwanza za mabomu zilizopita kasi ya sauti, na kipimo kiwe kimoja tu: ipi ilifaa vitani? Urembo na rekodi tuviweke kando. Naleta nne: B-58 Hustler na A-5 Vigilante za Marekani, Tu-22 ya Wasovieti na Mirage IV ya Ufaransa. Zote ziliruka mara ya kwanza kati ya 1956 na 1959, na zote zimezaliwa na wazo lilelile: paa juu sana, kimbia sana, dondosha bomu la nyuklia, ondoka kabla adui hajakufikia.

Naanza na Hustler. Injini nne, kasi mara mbili ya ile ya sauti, na umbo jembamba kiasi kwamba bomu halikuwa na pa kukaa ndani. Lilining'inizwa chini ya tumbo kwenye kasha kubwa pamoja na sehemu ya mafuta. Zilitengenezwa 116, zikapotea 26 kwenye ajali. Zilianza kazi 1960, zikastaafishwa Januari 1970 bila kudondosha hata bomu moja juu ya adui. Kwa uhandisi naivulia kofia. Kwa vita naiweka mkiani.

Fundi Jeti:
Mkuu, kutodondosha bomu si hoja. Kazi yake ilikuwa kukaa tayari ili vita isitokee, na kazi hiyo iliifanya.

Kilichoimaliza ni tarehe 1 Mei 1960, kombora la Wasovieti la S-75 lilipoitungua U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani iliyorushwa na Gary Powers, ndani ya anga lao. Kuanzia hapo kuruka juu hakukuwa kinga tena. Ikabidi ndege za mabomu zishuke chini, zijifiche kwenye rada. Sasa huko chini hewa ni nzito, na Hustler haikuweza kuzidi kasi ya sauti. Umelipia kasi mara mbili ya sauti, halafu unaruka kama ndege nyingine yoyote, huku B-52, ndege kubwa ya mabomu ya Marekani isiyofikia kasi ya sauti, inabeba mzigo mkubwa zaidi na kufika mbali zaidi. Na hata kabla ya hapo, sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya mwendo wa kawaida. Ule moto wa ziada nyuma ya injini unakunywa mafuta vibaya mno, kwa hiyo kasi kubwa inawekwa akiba ya dakika chache karibu na shabaha.

Nyakato Moja:
Nyie mnaongea nadharia, sisi wa Mwanza mojawapo ya hizo ilitujia kabisa. Mwishoni mwa Machi 1979, wakati wa vita ya Kagera, Gaddafi wa Libya alituma Tu-22 ije kupiga mji wetu ili kumwokoa Idi Amin. Ilikosa. Mabomu yakaangukia kwenye hifadhi ya wanyama ya Saanane, wakafa swala. Amin hakuokolewa na chochote. Majeshi yetu yakaingia Kampala Aprili 11.

Ndiyo maana nauliza: ndege kubwa vile, imetoka mbali vile, inakosaje mji mzima?

Fundi Jeti:
Nyakato, swali lako ndilo kiini cha uzi huu. Piga hesabu: ndege ikiwa kwenye kilomita 1,500 kwa saa, inapita zaidi ya mita 400 kila sekunde. Hata ikipunguza hadi 900, ni mita 250. Mlenga bomu akichelewa sekunde moja kubonyeza, bomu limeangukia mtaa mwingine. Kwa bomu la nyuklia mita 400 si kitu, na mitambo yake ya kulenga ilibuniwa kwa makosa ya ukubwa huo. Kwa bomu la kawaida, mita 400 ni kukosa kabisa. Ndege hizi zilinyimwa usahihi tangu kwenye karatasi, kwa sababu waliozichora hawakufikiri utahitajika.

Mkongwe wa Ziwa:
Hapo naongezea. Tu-22 ilikuwa mzigo hata kwa wenyewe. Viti vya dharura vilirusha marubani kuelekea chini, kwa hiyo tatizo likitokea karibu na ardhi wakati wa kupaa au kutua, hakuna pa kukimbilia. Na ilitua kwa kasi kubwa sana.

Lakini tuitendee haki, kwani kati ya zote nne ndiyo iliyopigana hasa kama ndege ya mabomu. Iraki iliitumia dhidi ya Iran kuanzia 1980. Februari 1986 Wafaransa walipiga uwanja wa ndege wa Ouadi Doum kaskazini mwa Chad, uliotumiwa na Walibya, na siku iliyofuata Tu-22 moja ya Libya ikaipiga njia ya ndege ya N'Djamena, mji mkuu wa Chad. Shabaha kubwa isiyosogea, walinzi hawajajiandaa: hapo ilifaa. Septemba 1987 Walibya wakajaribu tena N'Djamena, safari hii Wafaransa wana makombora ya Hawk ya kutungulia ndege, na Tu-22 moja ikatunguliwa.

Mpwani:
Msiwasahau wawili waliobaki. Vigilante ilirushwa kutoka manowari za kubeba ndege, na bomu lake lilikaa kwenye handaki kati ya injini zake mbili, likisukumwa kutokea nyuma likiwa limeunganishwa na matangi ya mafuta. Mfumo huo ulisumbua sana. Kazi ya nyuklia ilipohamia kwenye nyambizi zenye makombora ya Polaris, wakaifanya ndege ya upelelezi, RA-5C, na Vietnam ikafanya kazi kubwa. Ilikuwa ikipita baada ya mashambulizi kupiga picha za uharibifu, wakati wapiga mizinga wa chini wameshaamka na kukasirika. Zilipotea 18 vitani. Hao marubani nawaheshimu mno.

Mirage IV zilikuwa 62, zikaanza zamu 1964. Julai 1966 moja ilidondosha bomu halisi la nyuklia kule Mururoa, kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Pasifiki, kwa majaribio. Miaka ya 80 zikapewa kombora la ASMP, la kufyatua ukiwa mbali na shabaha. Zimedumu kama ndege za mabomu hadi 1996, na za upelelezi hadi 2005.

MtazamaAnga:
Basi upangaji wangu: Vigilante ya kwanza, kwa sababu picha zake zilitumika vitani. Mirage IV ya pili, Tu-22 ya tatu, Hustler ya mwisho. Fundi, najua hutakubali.

Fundi Jeti:
Sikubali. Umesema tunapima ndege za mabomu, halafu unampa ushindi aliyenyang'anywa bomu akapewa kamera. Mirage IV ndiyo ya kwanza. Ufaransa ilikuwa na 62 tu, na ndege 12 za C-135F za kuzijaza mafuta angani, lakini kwa hizo ilisimamisha kikosi chake cha nyuklia bila kumtegemea mtu. Na ilipopewa kombora la kufyatua kwa mbali, haikulazimika tena kupita juu ya shabaha. Hustler hawakuipa nafasi hiyo.

Nyakato Moja:
Mimi Tu-22 naiweka ya mwisho, chini ya Hustler. Hustler angalau haikuua swala wa Saanane.