Matriksi linganifu, thamani ya aigeni imejirudia, PᵀAP inakataa kuwa ya ulalo. Msaada wakuu

Mwanafunzi_Mkesha:

Wakuu habari zenu. Kuna swali la aljebra ya mstari limenikwamisha, naomba mwenye uelewa anisaidie. Tunatakiwa kutafuta matriksi othogonali P (safu zake zina urefu wa 1 na zinakutana kwa pembe mraba) ili PᵀAP iwe matriksi ya ulalo, yaani sifuri kila mahali nje ya ulalo. Pᵀ ni P iliyogeuzwa, mistari ikawa safu. A yenyewe ni hii, linganifu, yaani Aᵀ = A:

3  −1  2
−1  3  −2
2  −2  6

Thamani za aigeni ni zile λ zinazofanya Av = λv kwa vekta v isiyo sifuri (v ndiyo vekta ya aigeni). Polinomia yake niliyopata ni λ³ − 12λ² + 36λ − 32, yaani (λ − 2)²(λ − 8). Kwa λ = 8 vekta ni (1, −1, 2). Kwa λ = 2 mistari yote mitatu inaangukia kwenye mlinganyo mmoja tu, x − y + 2z = 0, nikachagua (1, 1, 0) na (−2, 0, 1). Kila vekta nikaigawa kwa urefu wake (√2, √5 na √6), nikazipanga kuwa safu za P.

Nikizidisha PᵀAP, kwenye ulalo zinakaa 2, 2, 8 vizuri kabisa. Ila mstari wa 1 safu ya 2 inatoka −1.265, na pacha wake wa mstari wa 2 safu ya 1 hivyohivyo. Nimerudia kwa mkono, nikarudia kwa kikokotoo, namba haibadiliki. Cha ajabu, P⁻¹AP (P⁻¹ ni kinyume cha P) inatoka safi! Na darasani tuliambiwa vekta za aigeni za matriksi linganifu zinakutana kwa pembe mraba. Hizi mbona zimegoma?

Mzee wa Vekta:

Hesabu zako ziko sawa mkuu, usirudie tena kuzidisha. Shida ni hiyo kauli ya darasani, imekufikia nusu. Vekta ambazo lazima zikutane kwa pembe mraba ni zile za thamani *tofauti*. Tazama inavyotoka. Chukua u wa thamani λ na v wa thamani μ. Kwa kuwa A ni linganifu, zao la nukta la Au na v ni sawa na la u na Av. Upande mmoja unakupa λ(u·v), wa pili unakupa μ(u·v). Toa, unapata (λ − μ)(u·v) = 0. Kama λ na μ hazifanani, u·v haina pa kukimbilia, lazima iwe sifuri. Zikifanana, unabaki na 0 = 0, na hapo hujaambiwa kitu chochote kuhusu pembe.

Sasa pima zako: (1, 1, 0)·(−2, 0, 1) = −2. Hazijakutana kwa pembe mraba. Ukishagawa kwa urefu inakuwa −2/√10, na A ikipita hapo inazidisha kwa 2, kwa hiyo −4/√10, ambayo ndiyo −1.265 yako. Haikutoka hewani.

Dawa yake ni Gram–Schmidt, mbinu ya kurekebisha vekta zikutane kwa pembe mraba, na unaifanya *ndani ya kundi la λ = 2 peke yake*. Acha (1, 1, 0) ilivyo. Kwenye (−2, 0, 1) toa kivuli chake juu ya (1, 1, 0):

(−2, 0, 1) − (−2/2)(1, 1, 0) = (−1, 1, 1)

Hakiki: −1 − 1 + 2 = 0, kwa hiyo bado iko kwenye x − y + 2z = 0, maana yake bado ni vekta ya aigeni ya 2. Safu zako ni (1, 1, 0)/√2, (−1, 1, 1)/√3 na (1, −1, 2)/√6. Zidisha sasa uone.

bint_determinanti:

Mzee kamaliza. Mimi naongeza tu kwamba polinomia ya daraja la tatu hapa haikuhitajika. Ukitoa 2 kwenye kila namba ya ulalo wa A, mistari inakuwa (1, −1, 2), (−1, 1, −2), (2, −2, 4), yote vigawe vya mstari mmoja. Hapohapo unajua 2 ni thamani ya aigeni na ina bapa zima la vekta. Jumla ya ulalo wa A ni 12, na hiyo ndiyo jumla ya thamani za aigeni, kwa hiyo ya tatu ni 12 − 2 − 2 = 8. Vekta yake ni ule mstari wenyewe, (1, −1, 2). Kwenye mitihani walimu wanapenda sana kutunga matriksi za namna hii, ukizizoea unaokoa muda mwingi.

Na kama Gram–Schmidt inakuchosha, kwenye vipimo vitatu zidisha kwa msalaba (1, 1, 0) na (1, −1, 2). Inatoka (2, −2, −2), yaani −2 mara (−1, 1, 1), mstari uleule.

Njia Fupi:

Mnamzungusha mwenzenu bure. Kasema mwenyewe P⁻¹AP imetoka safi. Atumie hiyo, aendelee na maisha.

Mzee wa Vekta:

@Njia Fupi, kwa kutafuta Aⁿ ningekubaliana nawe, ingawa kutafuta kinyume cha matriksi ya 3×3 kwa mkono ni adhabu kuliko Gram–Schmidt. Lakini swali limetaka P othogonali, na si kwa urembo. Chukua 3x² + 3y² + 6z² − 2xy + 4xz − 4yz = 16. Hiyo ni A ileile. Ukibadilisha vigeu kwa (x, y, z) = P(X, Y, Z), kinachojitokeza katikati ni PᵀAP. Kinyume hakiingii kabisa. Kwa P yake ya mwanzo, neno la XY lingebaki palepale. Kwa P iliyorekebishwa unapata 2X² + 2Y² + 8Z² = 16, na urefu na pembe za umbo havijaguswa.

Mwanafunzi_Mkesha:

Asanteni sana wakuu, imetoka 2, 2, 8 na sifuri kila mahali pengine. Ila nimeleta utata mwingine. Nilijaribu kuanza na (−2, 0, 1) halafu nikairekebisha (1, 1, 0), nikapata (1, 5, 2)/√30. PᵀAP bado ni 2, 2, 8. Sasa P sahihi ni ipi? Mwenzangu naye ana alama za kutoa mahali mimi nina za kujumlisha.

bint_determinanti:

Zote. Rudi kwenye umbo alilotoa Mzee, 2X² + 2Y² + 8Z² = 16. Nusu-mhimili mbili ni √8 na ya tatu ni √2. Ni mpira uliokaliwa: umebonyea kwenye mwelekeo wa (1, −1, 2), na ukiukata katikati kwa bapa la x − y + 2z = 0 unapata duara kamili. Duara halina mhimili linaloupendelea, nusu-kipenyo zozote mbili zenye pembe mraba zinafaa. Kwa 8 huna uhuru huo, mwelekeo ni mmoja, unachoweza kubadilisha ni alama tu. Thamani zote tatu zingekuwa tofauti, uhuru wako wote ungeishia kwenye alama na mpangilio wa safu.

Ukitaka kujisahihisha usilinganishe P na ya mtu. Angalia kama PᵀP inatoa matriksi kitambulisho na kama AP = PD, ambapo D ina thamani kwa mpangilio uleule wa safu zako. Zikikubali zote mbili, funga daftari.

Mzee wa Vekta:

Nyongeza kidogo: usichukulie poa kwamba 2 iliyojirudia imekupa vekta mbili. Matriksi yenye mistari (1, 1) na (0, 1) ina thamani 1 mara mbili lakini ina mwelekeo mmoja tu, haiwezi kuwekwa kwenye ulalo hata kwa P⁻¹. Matriksi linganifu ya namba halisi haikosi vekta kamwe. Na thamani zake zote ni halisi, jambo ambalo Cauchy alilithibitisha mwaka 1829.

koda_wa_usiku:

Kwa wanaohakiki kwa Python: kwenye NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) tumieni `eigh`, msitumie `eig`. `eig` haijui kwamba matriksi yako ni linganifu, kwa hiyo thamani ikijirudia haikuhakikishii vekta zenye pembe mraba, na mtarudi hapa na −1.265 nyingine. `eigh` inazitoa zikiwa tayari na pembe mraba na urefu wa 1, thamani zikipangwa kuanzia ndogo. Tahadhari moja: kwa kawaida inasoma nusu ya chini ya matriksi pekee. Ukikosea namba moja ya chini ya ulalo haitakwambia chochote, itakupa jibu safi la matriksi nyingine.