Mjadala: Je, mwenye rehani ya pili auze, au aingoje benki?

Mweka Hazina: Ndugu zangu, chama chetu kilimkopesha mwenzetu shilingi milioni 2 kwa rehani ya pili, iliyosajiliwa juu ya nyumba anamoishi na mkewe huko Ruiru. Rehani ya kwanza ni ya benki, inayomdai milioni 5.2. Sasa ni miezi minne hajalipa upande wowote. Je, ni haki sisi tulio nyuma ya benki kuipiga mnada nyumba hiyo? Mimi naona tuuze upesi, kwa maana hawa wake za watu hutia sahihi bila kusoma, kisha hukimbilia mahakamani kuzuia mnada.

Dalali Mstaafu: Kuuza mnaweza, mpeni notisi ya siku 40 tu. Ila kwa kifungu cha 101 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, fedha ya mnada hulipa kwanza kodi za ardhi, kisha deni la benki, kisha gharama, ndipo zamu yenu ifike. Nyumba ikienda kwa milioni 6, hesabu mnaijua.

Mama Kiambu: Bwana Mweka Hazina, mimi ni mmoja wa hao “wake za watu”. Niliitwa mjini saa kumi na moja jioni, nikawekewa rundo la karatasi ambalo wakili alilifunika kwa kiwiko, akaniacha nione mstari wa sahihi pekee. Ungesoma nini hapo?

Mwanagenzi wa Sheria: Mzee Dalali, siku 40 si mwanzo. Kifungu cha 90 humpa mdaiwa miezi isiyopungua mitatu ya kurekebisha kosa lake. Hizo 40 za kifungu cha 96 hufuata, na nakala huenda kwa mke wake na kwa benki pia.

Mweka Hazina: Mama, sikukutaja wewe. Mke wa huyu bwana ana duka lake na anajua kusoma. Fomu ya benki aliitia sahihi mwenyewe. Yetu hakuitia kwa sababu tuliona ile ya benki inatosha.

Mama Kiambu: Kumbe hamkumwuliza kabisa, nawe ulikuwa ukilalamika kwamba hasomi!

Mwanagenzi wa Sheria: Hapo pana shida kubwa kuliko mnada. Kwa kifungu cha 79, rehani juu ya nyumba ya ndoa haisimami bila sahihi ya mwenzi anayeishi humo, au ushahidi katika hati kwamba ameridhia, na kila rehani huhitaji ridhaa yake. Ningekuwa wewe, ningeenda kuketi na wote wawili, niupange mkopo upya na mama akiwa na wakili wake, na pengine chama kisaidie kulipa malimbikizo ya deni la benki ili isitangulie kuuza.

Dalali Mstaafu: Kijana, nimeuza nyumba miaka ishirini. Hizo siku 40 nazijua, na umesahau siku 45 za notisi ya dalali kabla ya mnada.

Mweka Hazina: Akikataa kutia sahihi sasa, je?