Vitabu vya D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu) na ndugu zake: munanunua dukani ama munaagiza mtandaoni? Tupeane uzoefu

Dadu_ya_Mvita:
Nimetoka Moi Avenue, hapa Mombasa, sasa hivi na hasira zangu. Kuna duka limeweka Player's Handbook, kile kitabu cha kanuni za wachezaji, ya 2014 dirishani, jua la mchana kutwa linaipiga mpaka jalada limepauka, na bei ni 9,800. Nikamwambia muuzaji toleo jipya lilitoka 2024. Akanijibu, "Hiki hakijafunguliwa, kwa hivyo ni kipya." Nikakosa la kusema. Nyinyi munaocheza, munapata wapi vitabu? Na musiniletee habari za Nairobi.

Bi_Tudor:
Dukani. Nikishike, nikifunuefunue, nilipe, niondoke nacho. Sina moyo wa kungoja kifurushi.

Kapteni_Likoni:
Duka gani, dada? Mji huu vya shule vimejaa hadi dari, vya dini vimejaa, ukiulizia vya michezo unapewa sudoku.

Bi_Tudor:
Lipo moja Nyali. Unalipa nusu, wanakuletea.

Kapteni_Likoni:
Hiyo si dukani basi. Hiyo ni kuagiza mtandaoni kupitia kwa mtu mwenye meza.

Karani_wa_Kilindini:
Wacha niwape hesabu, maana watu hukimbilia kulaumu duka. Player's Handbook ya 2024 kwao Marekani ni dola 49.99, yaani hujatoka mlangoni ushafika karibu elfu sita na nusu. Ina kurasa 384 na jalada gumu, na wakala wa mizigo anatoza kwa kilo. Ikifika huku, kitabu hakilipi ushuru wa forodha, hapo tushukuru. Lakini VAT ya asilimia 16 iko tangu sheria ya 2013, na bado kuna ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Halafu mtu anatia dadu na visanamu ndani ya kifurushi kimoja. Hivyo si vitabu, vina hesabu yake nyingine, ndiyo maana munalia kaunta. Duka la 9,800 halijakuibia, Dadu. Limekuwekea toleo la zamani tu.

Pweza_Mkavu:
Tozo ya reli kwa kitabu cha mazimwi! Na hakijapanda hata SGR.

Mtoto_wa_Majengo:
Wallahi mumenikumbusha kisa nilichokuwa nimekifunika.

Niliagiza Monster Manual, kile kitabu cha mazimwi na viumbe vya mchezo, ile ya 2014. Dukani sikuipata, nikapitia kwa wakala. Akasema ikifika nitapigiwa simu. Sikupigiwa. Mtu wa boda akaileta nyumbani mchana, mimi niko kazini, na nyumba yetu ni ya wazee, mama yuko, mashangazi wako. Mama akaona bahasha imechanika pembeni, akasema wacha nitazame mwanangu ameletewa nini.

Kwa asiyejua, jaladani kuna lile dude lenye jicho moja kubwa katikati na vijicho vingine vinaning'inia juu kwa vikono vyake. Mama akapiga moyo konde akafunua. Kitabu kikaangukia palepale penye majini. Dao, Djinni, Efreeti, Marid, wote wanne na picha zao. Mama Kizungu si chake sana, lakini "Marid" aliisoma vizuri.

Narudi jioni nakuta viatu mlangoni. Makubazi ya watu wazima, yamepangwa. Nikajua pana msiba, nikaanza kuwapitia mashangazi kichwani, nani alikuwa mgonjwa. Naingia, ubani umefuka hata dari huioni. Kitabu changu kiko katikati ya chumba juu ya sinia, kimefunikwa kitambaa cheupe, ndimu mbili juu yake. Ustadhi wa mtaa yuko kwenye Yasin. Mama analia. Na shangazi mmoja amepakata bakuli la maji ya kombe, angoja aambiwe anyunyize.

Karatasi ya kung'aa, kurasa 352, mkono wangu haujakigusa bado, na mtu amekielekezea bakuli la maji! Nikapiga ukelele: "Musikimwagie, ni elfu kumi na moja!"

Kimya. Mama akaacha kulia papo hapo. "Elfu kumi na moja umempa nani?"

Majini yakasahauliwa, kesi ikawa yangu.

Aliyeniokoa ni ustadhi. Akamaliza aya zake taratibu, akaondoa ndimu, akavaa miwani. Alikuwa mwalimu zamani, Kizungu anakijua. Akapitisha kidole kwenye yale majedwali, akaniuliza nambari hizi za nini, nikamweleza dadu, uhai, kiwango cha ugumu. Akarudi kusoma. Mwisho akamwambia mama, "Hizi ni ngano tu, hazina neno. Lakini waliotunga hawajui kitu. Wamewapa wote wanne kiwango cha 11. Marid awe sawa na Djinni? Nani kawaambia?"

Mama alikubali kitabu kikae, kwa sharti kisilale chumba kimoja na msahafu. Kiko juu ya kabati la jikoni.

Pweza_Mkavu:
Ndimu mbili! Nimecheka mpaka mke wangu amekuja kutazama kuna nini.

Binti_Kuze:
Kwetu pia ilikuwa hivyo hivyo, ila bila ubani.

Zimwi_la_Kongowea:
Ustadhi ana haki. Marid ndiye mkubwa wao, hilo hata mtoto wa chuoni analijua.

Kapteni_Likoni:
Kiwango ni cha vita tu, si cha heshima. Mtoe huyo Marid baharini umpeleke jangwani uone.

Zimwi_la_Kongowea:
Hujawahi kumwendesha Marid mezani wewe. Alimaliza kundi letu zima hapo Makadara, na hapakuwa na bahari.

Kapteni_Likoni:
Kundi lenu lingemalizwa na mbuzi.

Dadu_ya_Mvita:
Jamani, mada ilikuwa duka ama mtandao.

Bi_Tudor:
Majengo, hebu kitoe hicho kitabu jikoni leo hii! Mvuke wa sufuria na unyevu wa mji huu, kurasa za kung'aa zitagandana, utazibandua na picha zinatoka. Tia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Binti_Kuze:
Usikitie kwenye plastiki! Plastiki inafungia unyevu humo humo. Vyangu viliota koga kwenye ndoo, vya kaka yangu vya rafuni viko salama. Kinachotakikana ni upepo.

Bi_Tudor:
Upepo wa pwani una chumvi.

Nyundo_Bamburi:
Mwajitesa bure. Kanuni za msingi za toleo la tano, hili la 2014, zimetolewa bure tangu 2023 kwa leseni ya Creative Commons, yaani yeyote ana ruhusa kuzitumia. Za Pathfinder, mchezo ndugu yake, ziko wazi zote kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Nenda saiba, piga chapa, tia springi, cheza. Na anayetaka kitabu kizima kile, ninacho kwenye simu, anitumie ujumbe.

Karani_wa_Kilindini:
Za bure sawa, tena nakuunga mkono. Hicho cha kwenye simu ni wizi. Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo, hawauzi PDF za vitabu vya msingi vya toleo la tano, kwa hivyo ukiiona, mtu ameskani. Matoleo ya zamani ndiyo yanauzwa kihalali kwa PDF, pale duka la mtandaoni la DriveThruRPG.

Nyundo_Bamburi:
Karani, wakulipa ngapi hao?

Karani_wa_Kilindini:
Hawanilipi. Ila mchoraji aliyechora hilo jicho la kumliza mama wa mtu naye ana watoto.

Zimwi_la_Kongowea:
Za bure zina Djinni na Efreeti peke yao. Dao na Marid hawamo. Mwambieni ustadhi.

Mzigo_Umefika:
Ningeongeza moja. Ukiona mtandaoni kitabu cha elfu tatu, kipya, kifurushi bure, kimbia. Ndugu yangu alinunua. Jedwali la silaha wino umetapakaa husomi kitu, gundi inanuka, na kikao cha pili tu tukawa tunaokota kurasa sakafuni. Muuzaji akasema ni joto la Mombasa. Duka, hata likikupiga bei, unajua mlango wake.

Kapteni_Likoni:
Unajua mlango, lakini nyuma ya mlango kuna sudoku.

Dadu_ya_Mvita:
Nimerudi pale Moi Avenue. Ameshuka mpaka 7,000 na jalada lake lililopauka. Nichukue? Meza yetu bado inacheza kanuni za 2014.

Bi_Tudor:
Chukua.

Nyundo_Bamburi:
Usichukue.

Karani_wa_Kilindini:
Mwambie akufungulie kwanza uone kurasa. Akikataa, mpe 6,000.

Binti_Kuze:
Majengo, huyo ustadhi ana nafasi siku gani? Meza yetu imepungukiwa mtu mmoja.

Mtoto_wa_Majengo:
Siku yoyote, ila si baina ya Maghrib na Isha. Na Marid wake mupandishe kiwango kabla hajafika.

Roho_ya_Changamwe:
Nimesoma yote toka juu. Na vitabu vya mchezo wa Warhammer je, kuna mwenye kujua pa kuvipata?

Pweza_Mkavu:
Anzisha uzi wako, ndugu. Wa huku washachoka.