Baridi kali mapema Novemba, pwani ya Texas: niamini utabiri?

Mbegu: Wakuu, modeli ya hali ya hewa ya Marekani, GFS, inaonyesha nyuzi 1 Houston siku ya nane kutoka leo. Nina miche ya michungwa nje. Nijiandae?

Kusi: Kwa siku ya nane, namba hiyo iache, angalia mwelekeo. Fungua ECMWF, modeli ya Ulaya, uone kundi lake la majaribio 51, yaani utabiri uleule ukirudiwa kwa mwanzo tofauti kidogo. Yakikubaliana toleo baada ya toleo, hapo lichukulie kwa uzito. Tazama pia kama kuna kanieneo kubwa ya hewa (mgandamizo wake), hektopaskali 1040 au zaidi, inayoteremka kutoka Kanada mashariki mwa milima ya Rocky. Isipokuwepo, baridi ya GFS mara nyingi huyeyuka.

Kipimajoto: Hewa hiyo baridi ni nzito na hutambaa chini, kwa hiyo modeli mara nyingi huonyesha itachelewa kufika. Siku yenyewe fuata vipimo vya Dallas na Austin, ambako baridi hufika kwanza, si ramani za modeli. Usiku wa hatari mara nyingi ni wa pili: upepo umetulia, anga halina mawingu, joto linashuka kukaribia kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuganda kuwa matone. Kiwango hicho kikiwa −3, tegemea jalidi, yaani barafu juu ya majani. Galveston, kisiwani pwani, huponea kwa sababu maji ya Ghuba ya Meksiko bado yana joto. Mashamba ya ndani hayana kinga hiyo.

Mbegu: Nifunike kwa nailoni?

Kusi: Hapana, ikigusa majani yanaungua kwa baridi. Tumia kitambaa kinachofika ardhini, na mwagilia udongo mchana. Novemba miche haijazoea baridi, hivyo funika hata utabiri ukisema nyuzi 2.