Ushauri: odiometa (mashine ya kupima usikivu) inanipa sikio la kulia bovu kwa kila mtu

Mpimaji_mpya: Wakuu, habari. Odiometa ina cheti cha kalibresheni (kurekebishwa vipimo) cha miezi 4 iliyopita. Tangu wiki jana kila ninayempima anapungukiwa kama dB 15 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye sauti nyembamba ya 4000 Hz, kulia tu. Kesho nina wafanyakazi 40. Nikitoa 15 kwa mkono kuna ubaya?

Kimya_kingi: Zima feni. Chumba chenye kelele hakipimi mtu.

Desibeli70: Feni hula sauti nene, 250 na 500 Hz, haichagui 4000 upande mmoja. Geuza hedifoni: nyekundu kushoto, bluu kulia. Tatizo likihama sikio, masikio ya watu hayana kosa. Kisha weka 60 dB, chezesha waya kwenye plagi na kwenye spika, usikilize mikwaruzo.

Mpimaji_mpya: Limehama. Waya mzima.

Mzee_Kapla: Namba za spika ni zile zilizo kwenye cheti?

Mpimaji_mpya: Ya kulia hapana. Ilidondoka, nikafunga ya odiometa nyingine. Lakini zote ni aina moja, TDH-39, na plagi inaingia vizuri tu.

Mzee_Kapla: Kumbe! Mashine hurekebishwa pamoja na spika zake. Kwa TDH-39, ukiweka 70 dB, kapla ya 6 cc (kifaa cha kupimia sauti ya spika) isome 77 kwenye 1000 Hz na 79.5 kwenye 4000, ruhusa ni dB 3 juu au chini. Spika nzima za aina moja hupishana kidogo. 15 maana yake hiyo ya kuazima nayo mbovu. Na 3000 na 6000 utatoa ngapi?

Mpimaji_mpya: Nimeshawaahidi watu. Nitatoa 15, niandike maelezo chini.

Popo: Toa 30 kabisa, wote wasikie kama mimi.

Nina_shaka: Hili ni swali la mtihani. Kila mtu 15 kamili?

Mpimaji_mpya: Nimesema "kama". Napanda kwa hatua za dB 5 mkuu, wengine 10, wawili 20.

Kimya_kingi: Uaminifu kazini umekwisha.

Mzee_Kapla: Liwe la mtihani au la, kila asubuhi mpime mtu ambaye vizingiti vyake (sauti ndogo kabisa anazosikia) unavijua, akipotoka dB 10 popote, mashine haigusi mtu. Ahirisha kesho. Peleka odiometa na spika zote mbili kwa pamoja, na ile uliyoipunguzia spika pia, cheti chake hakifai tena. Iliyodondoka iko wapi?

Mpimaji_mpya: Nimeifunga kwenye hiyo nyingine. Inapima watoto.