Asiyefika jumuiya kwa sababu ya kazi anaweza kunyimwa mazishi ya Kanisa?

MuuguziZamu (Dar es Salaam)

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wenye uzoefu wa uongozi na wanaozifahamu sheria za Kanisa. Jumuiya yetu, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, husali Jumamosi saa 12 asubuhi, wakati ambao mimi huwa ama natoka zamu ya usiku au naingia ya mchana. Zaka natuma kwa simu, michango ya misiba natoa, na kila wiki naandika tafakari fupi ya masomo ya Dominika katika kundi letu la WhatsApp, ambako wanajumuiya huniuliza maswali na kunijibu. Hata hivyo, kwenye daftari la mahudhurio jina langu lina alama za kutofika tu.

Nisingelijali hilo kama si msiba uliotokea mtaani kwetu hivi karibuni. Dereva mmoja wa magari ya masafa marefu, Mkatoliki aliyebatizwa na kufunga ndoa kanisani, alifariki, na familia ilipokwenda kuomba barua ya jumuiya ikaambiwa kuwa marehemu hakuwa mshiriki. Alizikwa kwa sala za ndugu zake tu. Jina la parokia silitaji. Kabla ya hapo jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye kundi, katika orodha ya wanaodaiwa michango. Je, kushiriki kwa njia ya kundi kunahesabika? Na je, jumuiya ina mamlaka ya kumnyima mtu mazishi ya Kanisa?

KatibuMstaafu (Mwanza)

Milele, amina. Niliwahi kuwa katibu wa jumuiya, hivyo nitaanza kwa kuwatetea kidogo viongozi. Daftari halikuletwa ili kuwakomoa watu. Paroko mwenye maelfu ya waumini hawezi kumfahamu kila mmoja, na anapoletewa ombi la ubatizo, ndoa au mazishi hutegemea ushuhuda wa majirani. Tulikuwa tukipata familia ambazo hazijawahi hata kumjulia hali mgonjwa wa jumuiya, halafu siku ya msiba zinadai padre, kwaya na WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa kupika, vyote kabla ya jua kutua. Wanaofika kila Jumamosi huona wanaonewa.

Lakini kiongozi anayesubiri mtu afe ndipo afungue daftari amechelewa mno. Dereva asiyeonekana kwa muda mrefu alipaswa kutembelewa nyumbani, hata kama angekutwa mke na watoto peke yao.

MsomaKanuni (Morogoro)

Kuhusu mamlaka, jibu ni hapana. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1176, unaagiza kwamba waamini marehemu wapewe mazishi ya Kanisa kadiri ya sheria. Wanaonyimwa wametajwa katika kanuni ya 1184: walioasi imani, wazushi (wanaokana mafundisho ya imani) na wafarakano (waliojitenga na Kanisa) wanaojulikana wazi, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kwazo kwa waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi, na penye shaka yoyote Askofu mahalia ndiye anayeulizwa na kufuatwa hukumu yake. Kutofika jumuiya hakumo, wala kudaiwa michango.

Watu wengi pia hudhani kwamba mtu huwa mwanaparokia kwa kuandikwa na jumuiya. Kwa kanuni za 102 na 107, mtu hupata paroko wake kwa makazi: akiishi katika eneo la parokia kwa miezi mitatu, tayari ana makazi ya muda na ana paroko. Barua ya jumuiya ni msaada wa kumtambua mtu, nao ni msaada mzuri, ila haki yenyewe haitoki kwenye barua.

Ni kweli kwamba kanuni ya 222 inawawajibisha waamini kulitegemeza Kanisa, na sitaki mtu asome maneno yangu kama ruhusa ya kuacha zaka. Ila kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inaonya kusiwe na upendeleo na maskini wasikose mazishi yanayostahili.

Katekista_Ruvuma

Naomba niseme juu ya kundi, maana naona limerukwa. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoziweka jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapokaa na kufanya kazi. Wengi wetu tunasali kwa njia ya Hatua Saba, yaani utaratibu wa kusoma na kutafakari Biblia pamoja. Nyingi kati ya hizo waweza kuzifuata kwa simu ukitaka: kusoma Neno, kurudia maneno yaliyokugusa, kushirikishana. Hatua ya sita ndiyo inayokwama, kwa sababu hapo jumuiya hujiuliza ina kazi gani wiki hii: nani amelazwa, nani ampelekee maji bibi anayeishi peke yake, nani aende. Ujumbe wa pole wenye picha ya mishumaa hauchoti maji.

Kwa hiyo, Muuguzi, tafakari zako ni utume wa kweli na usiache, lakini zisichukue nafasi ya kukutana. Omba upangiwe kazi ya hatua ya sita inayolingana na zamu zako. Kutembelea wagonjwa, kwa mfano, nani anafaa kuliko wewe? Ikiwa wenye zamu ni wengi mtaani, ombeni jumuiya isali jioni ya Dominika mara moja moja. Paroko akiridhia hakuna sheria inayolazimisha Jumamosi alfajiri.

MuuguziZamu

Nashukuru sana. Hilo la kutembelea wagonjwa nitalipeleka kwa mwenyekiti. Bado naomba neno kuhusu orodha ya wadaiwa.

MsomaKanuni

Kanuni ya 220 inakataza kuharibu jina jema la mtu isivyo haki na kuingilia faragha yake. Mhazini anayo kumbukumbu ya michango. Amkumbushe kila mmoja kwa siri. Tena nchini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo viongozi wawe na tahadhari. Mwandikie paroko kupitia Halmashauri ya Walei (baraza la waumini wasio mapadre wala watawa), ueleze mambo mawili tu, mazishi na orodha, kila moja na kanuni yake. Familia ya marehemu iulizwe kwanza kama inaomba misa ya kumwombea mpendwa wao, kwa kuwa hilo bado linawezekana, na barua isisambazwe kwenye kundi kabla paroko hajajibu.